Usinihubirie nidhamu, nionyeshe aliyetega mtego

1.
Kila baada ya wiki mbili tatu naiona posti ileile imebadilishwa nguo tu. Picha ya mama ananyonyesha huku macho yako kwenye simu. Chini yake: "Wazazi wa siku hizi!" Halafu maoni mia mbili ya kumsema huyo mama, yote yameandikwa kwa simu, mengine saa saba usiku.

Leo nataka tubishane kidogo. Mimi ni nesi. Nidhamu naijua na naipenda, kazi yetu haiendi bila nidhamu. Lakini nasema hivi: kwenye hili, nidhamu imegeuzwa kichaka cha watu kujifichia. Swali siyo kwa nini mama hana nidhamu. Swali ni nani anayeingiza hela mama akikaa kwenye simu dakika tano zaidi, na alifanya nini ili akae.

Uzi ni mrefu, una sehemu 10. Soma taratibu, ukichoka acha, kesho utaukuta hapahapa. 👇

2.
Naanza na kazini kwetu, kwa sababu sisi somo hili tulishalipia kwa maisha ya watu.

Kwenye wodi za wagonjwa mahututi kuna mashine za kufuatilia mapigo ya moyo, presha, oksijeni. Kila moja ina kengele. Mgonjwa akijigeuza, inalia. Kile kibanio cha kidoleni kikilegea, inalia. Tafiti za hospitalini zimekuta kwamba kati ya asilimia 72 na 99 ya kengele hizo ni za uongo, mgonjwa hana shida yoyote. Sasa mtu akisikia kengele ya uongo mara mia, ile ya mia na moja, ya kweli, inampita. Siyo uvivu wala roho mbaya. Ubongo ndivyo ulivyo, kinachojirudia bila maana unakizima.

Aprili 2013 huko Marekani, Joint Commission, chombo kinachotoa ithibati kwa hospitali, kilitoa tahadhari. Kati ya Januari 2009 na Juni 2012 kilikuwa kimepokea taarifa za matukio 98 yanayohusu kengele hizi. Matukio 80 yaliishia kwenye kifo.

Unadhani dawa iliyoandikwa ilikuwa "manesi wajitahidi kuwa makini"? Hapana. Mwaka uliofuata hospitali zilitakiwa kuzishughulikia kengele zenyewe: ipi inahitajika, ipi haina kazi, nani ana ruhusa ya kubadilisha kiwango chake. Walielewa kwamba umakini wa binadamu una kikomo kama damu ilivyo na kikomo. Ukiumwaga ovyo, siku unauhitaji haupo.

Kichwa cha nesi na kichwa chako ni kilekile. Kwa nini cha nesi kirekebishiwe mashine, halafu chako kihubiriwe?

3.
Sasa mtego wenyewe. Wengi tunauona mdomo wake tu, tukiufungua ndani unaeleweka.

Miaka ya 1950 mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, alikuwa anafanya majaribio na njiwa. Njiwa anadonoa kitufe, anapata chakula. Akipewa kila anapodonoa, anadonoa akiwa na njaa, akishiba anaacha. Ila ukifanya chakula kitoke bila mpangilio, mara hii hamna, mara hii hamna, mara hii kipo, njiwa anadonoa kama kichaa. Zawadi isiyotabirika inamshika kiumbe kuliko zawadi ya uhakika. Mashine za kamari zinakula kwa kanuni hiyohiyo.

Shika simu yako. Unavuta skrini kwa kidole, unaachia, unasubiri. Labda kuna kitu, labda hamna. Video ya kwanza ya kawaida, ya pili ya kawaida, ya tatu umecheka mpaka machozi. Kile kicheko cha ya tatu ndiyo ile punje ya njiwa. Kingekuwa kwenye kila video ungeshiba mapema na kwenda kulala.

Halafu wakaondoa mwisho. Zamani ukurasa wa intaneti ulikuwa unaisha, unabonyeza "unaofuata", na hapo katikati unapata nafasi ya kujiuliza: niendelee? Mwaka 2006 mbunifu anaitwa Aza Raskin alibuni ukurasa usioisha, unashuka tu na habari zinajiongeza. Baadaye alijitokeza hadharani akasema anajuta. Lakini kitu kilishasambaa.

Mwaka 2012 YouTube ikabadilisha kipimo cha kupendekeza video: badala ya kuhesabu watu wangapi wamebonyeza, ikatanguliza muda ambao mtu anabaki anatazama. Tafakari hapo. Mashine haikuulizwa nini kinamfaa huyu mtu. Iliulizwa nini kitamfanya asiondoke.

4.
Utasema: labda hawakujua. Bahati mbaya tu, teknolojia ilikua haraka.

Walijua. Novemba 2017, Sean Parker, aliyekuwa rais wa kwanza wa Facebook, alieleza mbele ya watu kwamba wakati wanaijenga walikuwa wanajiuliza wauchukueje muda na umakini wako kwa wingi kadiri iwezekanavyo. Akaeleza kwamba walikuwa wanatumia udhaifu uliomo kwenye akili ya binadamu, kwamba wabunifu walilielewa hilo, na wakaendelea hivyohivyo. Mwaka huohuo Reed Hastings, bosi wa Netflix wakati huo, aliwaambia wawekezaji kwamba mshindani wao ni usingizi.

Usingizi, jamani. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anatakiwa alale saa 8 mpaka 10. Ndani ya hizo saa mwili unakua na ubongo unapanga yale aliyojifunza mchana. Mtu anasimama mbele ya wenye hisa anasema mshindani wangu ni huo, na hakuna aliyemwita kituoni akajieleze. Mimi nikimchoma mgonjwa sindano ya kumkesha macho ili nipate faida, leseni yangu inachukuliwa siku hiyohiyo. Na itakuwa haki.

5.
Tuje kwenye ridhaa, kwa sababu hapa ndipo damu inanichemka.

Huku kwetu huwezi kumfanyia mtu jaribio bila ridhaa yake. Sheria hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Ilitokana na ukatili wa madaktari wa Hitler, kanuni za Nuremberg zikaandikwa 1947. Kule Tuskegee, Marekani, wanaume weusi wenye kaswende waliangaliwa tu kuanzia 1932 hadi 1972 bila kuambiwa ukweli na bila kutibiwa, hata baada ya penisilini kupatikana. Leo ukitaka kufanya utafiti wa afya Tanzania unapeleka andiko NIMR, unasubiri kibali cha maadili, unaandika fomu ya ridhaa kwa Kiswahili anachokielewa bibi wa kijijini, unamwambia anaweza kujitoa wakati wowote na hatanyimwa huduma.

Januari 2012, kwa wiki moja, Facebook iliwabadilishia watu 689,003 kile wanachokiona kwenye ukurasa wao. Wengine walipunguziwa posti za furaha, wengine za huzuni. Lengo: kuona kama na wao wataandika kwa furaha au kwa huzuni zaidi. Hawakuambiwa. Tulijua Juni 2014 matokeo yalipochapishwa kwenye jarida la kisayansi.

Athari iliyopimwa ilikuwa ndogo sana, tuseme haki. Lakini maadili ya utafiti hayahesabu ukubwa wa athari tu. Kati ya watu laki sita na themanini na tisa elfu, wangapi walikuwa na sonona wiki ile? Nani aliwachuja? Nani alikuwa zamu kama mmoja angezidiwa? Utetezi uliotolewa ni kwamba walipojiunga walikubali masharti. Yale masharti marefu ambayo wewe na mimi tunabonyeza "nakubali" bila kusoma. Nikimletea mgonjwa fomu ya upasuaji ya namna hiyo, nikamshika dole akaweka, hiyo haiitwi ridhaa. Inaitwa kughushi.

Na jaribio lile tulilijua kwa sababu walichapisha. Haya majukwaa yanajaribu vitu kwa watumiaji kila siku: rangi ya kitufe, saa ya kutuma arifa, mpangilio wa video. Yale hayaendi kwenye kamati yoyote ya maadili. Yanapita kimya, na anayefaulu ni yule aliyekubakiza muda mrefu.

6.
"Lakini nesi, ni bure. Hakuna aliyekulazimisha."

Hapo umenigusa penyewe. Kaa nikupe historia ya maziwa ya kopo.

Miaka ya 1960 na 1970 makampuni ya maziwa ya watoto yalikuwa yanatuma wanawake waliovaa sare kama za manesi kwenye wodi za wazazi za Afrika, Asia na Amerika Kusini. Wanampa mama aliyejifungua kopo la bure. Zawadi. Hakuna aliyelazimishwa.

Sasa sikiliza matiti yanavyofanya kazi. Maziwa yanatengenezwa kwa kunyonywa. Mtoto akinyonya, mwili unapata taarifa: ongeza. Mtoto akipewa chupa, titi linakaa, mwili unapata taarifa: punguza. Kopo la bure likiisha, maziwa ya mama nayo yamepungua. Mama anarudi dukani, safari hii kwa hela yake. Hela hana, anazimua. Maji siyo salama, mtoto anaharisha. Watoto walikufa.

Na makampuni yalijibu nini? Yaleyale unayoniambia wewe. Ni hiari ya mama. Akina mama waelimishwe kuchemsha maji na kusoma maelekezo. Nidhamu!

Dunia ilikataa jibu hilo. Mwaka 1977 Wamarekani walianza kususia bidhaa za Nestlé. Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha Kanuni ya Kimataifa ya uuzaji wa maziwa mbadala, kwa kura 118 dhidi ya moja, na hiyo moja ilikuwa ya Marekani. Marufuku kumtangazia mama. Marufuku kopo la bure. Marufuku zawadi kwa sisi wahudumu. Kenya ikaja kutunga sheria yake mwaka 2012.

Angalia kitu kimoja muhimu: Kanuni ile haikupiga marufuku maziwa ya kopo. Kuna watoto wanayahitaji, tunawapa, wanaishi. Ilichokataza ni hila ya kutengeneza uhitaji ambao haukuwepo. Ndicho ninachokidai kwa simu. Sitaki simu ichomwe moto. Nataka hila ikatazwe.

7.
Turudi kwa yule mama wa kwenye picha.

Miaka ya 1970 mwanasaikolojia Edward Tronick alifanya jaribio ambalo mpaka leo tunafundishwa. Mama anacheza na mtoto wake mchanga, anacheka naye. Halafu anaambiwa akaushe uso, amtazame mtoto bila kuonyesha chochote kwa dakika chache. Mtoto anatabasamu kumwita mama. Anaonyesha kidole, anapiga kelele, ananyoosha mikono. Anaposhindwa anageuza uso pembeni, analia. Mama akirudi katika hali yake, wanapatana. Wakati ule hakuna aliyekuwa na simu janja, kwa hiyo usiniambie jaribio lile linathibitisha simu inaharibu watoto. Linathibitisha kitu cha msingi zaidi: mtoto mchanga anahitaji uso wa mtu kama anavyohitaji maziwa.

Kwa hiyo umakini wa huyo mama siyo mali yake peke yake. Una mwenyewe mwingine, ana wiki sita, hawezi kuandika maoni chini ya posti. Anayeuchukua umakini huo kwa mashine anamnyang'anya mtoto pia.

Na huyo mama unayemsema amelala saa tatu kwa vipande. Mshono haujapona. Mume yuko kazini, mama mkwe keshaondoka. Ile simu ndiyo sauti pekee ya mtu mzima anayoisikia kutwa. Wabunifu wamemkuta akiwa amechoka kabisa, na mashine yao inafanya kazi vizuri zaidi kwa mtu aliyechoka. Halafu sisi wenzake tunakuja kumrushia mawe. Tuone aibu kidogo.

8.
Na wanaolipa zaidi ni maskini. Hili halisemwi.

Bando nyingi za usiku ni rahisi kuliko za mchana. Kijana asiye na hela ataperuzi saa ngapi? Saa ambayo alitakiwa alale. Mwenye nacho ana waifai nyumbani, anachagua saa. Maskini anapewa punguzo kwa sharti la kutoa usingizi wake.

Ukishuka chini zaidi unakuta mchezo wa kindege. Unaweka hela, kindege kinapaa, namba inapanda, unatakiwa utoe kabla hakijatoweka. Raundi inaisha kwa sekunde chache, nyingine inaanza. Umechelewa kidogo tu? "Ningetoa mapema pale!" Ile hisia ya kukosa kidogo ndiyo injini yenyewe. Ni njiwa wa Skinner yuleyule, ila sasa anadonoa hela ya marejesho ya bodaboda. Wa mkeka anasubiri dakika 90 za mpira, huwa ana muda wa kujuta. Wa kindege hapewi hata huo muda.

Kwenye jukwaa la video unalipa saa, kwenye kindege unalipa shilingi. Fundi aliyechonga ni wa shule moja.

9.
"Nesi, simu hiyohiyo inatusaidia." Ndiyo! Na ndiyo maana hoja yangu inasimama.

Mjamzito akipata dharura kijijini, anapigwa simu 115, bure, mfumo wa m-mama. Anatafutwa dereva, gari la wagonjwa au la jirani, mama anafikishwa kituoni. Simu imekatwa, kazi imeisha. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 ikabadilisha maisha ya mamilioni ya watu. Unatuma hela, unapata ujumbe, unaweka simu mfukoni. Hujawahi kusikia mtu kakesha mpaka alfajiri anapiga *150*00# kwa sababu ameshindwa kuacha.

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba teknolojia lazima iwe mtego ndipo ifae. Kifaa kinakufanyia kazi halafu kinakuachia. Mtego haukuachii. Kipimo changu ni hicho, unaweza kukitumia leo kwa kila programu iliyo kwenye simu yako: ikishamaliza nilichoijia, inaniacha niondoke au inanishika shati?

Na tofauti hiyo inatoka kwenye mkataba wa biashara. M-Pesa inakata tozo kwa muamala, haifaidiki na wewe kukaa unaikodolea macho. Jukwaa la matangazo linauza macho yako kwa dakika. Herbert Simon, aliyekuja kupata Nobel ya uchumi, alishaliona mwaka 1971: habari zikiwa nyingi, kinachokuwa haba ni umakini wa mtu. Kitu kikiwa haba kinakuwa na bei. Wewe ndiye shamba, na wao ndio wanaovuna.

10.
Nadai nini basi? Sitaki kuishia kulalamika.

Kwanza, ukurasa usioisha na video zinazojicheza zenyewe ziwe zimezimwa mpaka mtu azitake mwenyewe. Leo ni kinyume, zimewashwa na wewe ndiye uende kuchimba mipangilio kuzizima. Sisi hatumpi mgonjwa dawa zote halafu tukamwambia asiyoitaka ateme.

Pili, arifa ziwe za watu. Mama yako kapiga, sawa. Mashine kukuita kwa sababu hujaingia siku mbili, hapana. Hiyo ni kengele ya uongo, na nimeshakueleza kengele za uongo zinaua nini.

Tatu, majaribio kwa watumiaji yapite kwenye kamati ya maadili isiyolipwa na kampuni. Tuna sheria za kulinda taarifa binafsi, Kenya ya 2019, Tanzania ya 2022. Zimeanza kuuliza ni nani anachukua taarifa zetu. Zisogee mbele ziulize pia wanazitumia kutufanya nini.

Nne, michezo ya kamari ya sekunde chache iwekewe breki za lazima: kikomo cha hela, kikomo cha muda, mapumziko kati ya raundi.

Haya siyo ndoto. Sheria ya huduma za kidijitali ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2022 inakataza majukwaa kusanifu kurasa kwa hila ya kumpotosha mtumiaji. Australia tangu 10 Desemba 2025 imezuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa. Ya Australia mimi siipendi sana, inamtoa mtoto kwenye mtego halafu mtego unabaki umetegwa, akifika miaka 16 anauingia. Lakini angalau wamekiri kwamba mtego upo. Sisi bado tuko kwenye "wazazi wa siku hizi".

Manesi wenzangu wa kliniki: tunao mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019, mtoto chini ya mwaka mmoja asiwekewe skrini kabisa, wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku. Tuufundishe. Lakini tusimfokee mama. Muulize kwanza, nyumbani nani anakusaidia? Usiku unalala? Kisha mwonyeshe pale pa kuzima arifa, ni dakika mbili tu. Mkizima pamoja, umemtibu. Ukimsema mbele ya benchi zima, umemrudisha kwenye simu, kwa sababu huko ndiko kuna mtu wa kumfariji.

Na wewe uliyefika hapa: nidhamu endelea nayo, itakusaidia kidogo. Ila siku nyingine ukiona ile picha, kabla hujaandika chochote, jiulize nani hayupo kwenye picha. Mama yupo, mtoto yupo, simu ipo. Aliyelipwa hayupo. Muanzie huyo.

Naishia hapa. Wa kupinga karibuni, nitawajibu kesho baada ya zamu. Usiku huu nalala.